Wapagazi wa Magurudumu Mawili

Ndugu msomaji, nikwambie mapema kwamba mimi si mwanahistoria. Nimeishia kidato cha nne. Matokeo yalipotoka niliyasoma mara mbili nikidhani nimekosea mstari, kisha nikaregea barazani kwa babu, Mwembetanga, kuziba pancha. Nina riwaya ambayo naiandika huu mwaka wa tatu na haijavuka sura ya nne. Lakini kwa miezi minane ya mwaka 2023 nilifanya kazi nchi ya watu, katika kambi ya waendesha baskeli wa kulipwa, na huko nilijifunza jambo moja juu ya historia ambalo sikufundishwa skuli. Jambo lenyewe halinipambi. Ndiyo sababu naliandika.

Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa baskeli. Alfajiri tunaamshwa na muadhini, halafu na kengele ya muuza boflo. Ukishuka Malindi sokoni utawaona wachuuzi wa samaki wanafunga matenga nyuma ya keria, maji ya barafu yanachuruzika hadi kwenye cheni. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe unaisikia kengele kabla hujamwona mwenyewe, nawe unajibana ukutani apite. Kwa babu zimepita baskeli za kila namna: Raleigh za Kiingereza, Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam, na hasa Phoenix za Kichina, chuma kitupu, kilo 20 hivi, ambazo babu anasema zitatuzika sote. Yeye mwenyewe ujana wake wote alibeba nazi kutoka mashamba ya Bububu mpaka Darajani. Usemi wake ni mmoja: "Baskeli ni punda asiyekula." Hajapata kuiita mchezo.

Sasa ilikuwaje mtoto wa punda asiyekula akafika kambini? Nilikuwa nakodisha baskeli kwa watalii, Mkunazini. Siku moja mzungu mmoja aliregea kutoka Jambiani amevunja spoku tatu, ringi imepinda kama kaukau. Nikambadilishia spoku, nikanyosha ringi kwa jicho tu, maana babu hana mashine. Yule bwana akalizungusha gurudumu, akalitazama muda mrefu, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia barazani. Kumbe ni mwalimu wa waendesha baskeli, na kila mwaka hupiga kambi Iten, Kenya. Alitaka msaidizi wa fundi. Nilimkubalia kabla sijauliza mshahara. Babu aliposikia hakunizuia. Alisema, "Mtembea bure si sawa na mkaa bure," akanipa spana yake ndogo ya spoku.

Jina la kambi ile na majina ya waliokuwemo nayahifadhi. Wengine bado wanatafuta riziki humo.

Nikapanda boti hadi Dar, basi hadi Arusha, nikavuka Namanga, Nairobi, Eldoret, kisha matatu kupanda Iten. Iten ni mji mdogo katika kaunti ya Elgeyo Marakwet, ukingoni kabisa mwa Bonde la Kerio, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mimi nimezaliwa penye usawa wenyewe wa bahari! Usiku wa kwanza nililala na sweta mbili na soksi za mkononi, na nilipopanda ngazi kumi kwenda stoo nikatweta kama mzee wa pumu. Mjini pale huwezi kwenda dukani bila kupishana na wanariadha. Kuna skuli ya St. Patrick's ambako mtawa wa Ireland, Colm O'Connell, alifika kufundisha mwaka 1976, akatoa mabingwa wa mbio wasiohesabika. Waendesha baskeli walifuata nyayo za wakimbiaji kwa sababu ileile: juu kule hewa ni nyepesi, oksijeni haba, na mwili ukikaa wiki kadhaa unalazimika kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu. Ukishuka chini ukashindana na wengine, damu ile ni mtaji. Kwa ufupi, watu huja Iten kuchuma damu.

Nilipokelewa na mama wa jikoni, Mkalenjin, mtu wa huruma na amri. Siku ya kwanza akanitazama navyotetemeka, akasema, "Wewe kijana wa Pwani, kula ugali ushibe, hapa hakuna nazi ya kukuokoa." Nilikula ugali na sukuma wiki mpaka nikaota urojo. Kiswahili changu kiliwafurahisha. Nikisema "nisaidie," wao wangesema "nipe." Nikisema "tafadhali shekhe," wanacheka mpaka wanakaa chini. Wakanibatiza Zanzi, na jina hilo likaniganda miezi yote minane.

Siku yangu ilianza saa kumi na nusu alfajiri. Nilisali stoo, katikati ya magurudumu yaliyoning'inizwa darini, kwa sababu ndipo palipokuwa na joto kidogo. Baada ya sala, pampu. Kila tairi lina kipimo chake, na kila mwendeshaji ana imani yake. Mmoja akitaka upepo pungufu kidogo huwezi kumbishia, ni kama kumbishia mtu chumvi ya mchuzi. Halafu chupa za maji: mbili kwa kila mtu kwenye baskeli, na nyingine thelathini ndani ya gari. Wao wakati huo wanapanda mizani mmoja mmoja, na uzito unaandikwa. Wanakula uji, mayai na wali mkavu. Ndiyo, wali asubuhi. Saa moja wanaondoka, sisi nyuma yao na pikapu yenye magurudumu ya akiba. Wanakwenda saa nne, tano, siku nyingine sita. Wakirudi wanakula tena, wanalala. Kulala nako ni kazi iliyomo kwenye ratiba. Ukimkuta mtu anatembeatembea mchana anakemewa kama mtoro.

Mimi ndipo kazi inaanza. Baskeli kumi na nne zioshwe, cheni zisafishwe kwa mswaki na dizeli, zikaushwe, zipakwe mafuta tone kwa tone. Zile baskeli, ndugu yangu! Sheria ya shirikisho la dunia inasema baskeli ya mashindano ya barabarani isipungue kilo 6.8. Maana yake ukiondoa sheria zingekuwa nyepesi zaidi. Nilikuwa naibeba moja kwa vidole viwili, nakumbuka Phoenix ya babu, naona haya bila kujua ya nini.

Sabuni ikiwa mikononi, kichwa hakina kazi, hutembea. Siku moja nikiosha matairi nikaanza kuuliza: hiki kitu kimetoka wapi? Jioni nikatafuta, na tangu hapo sikulala vizuri. Baskeli ya namna hii tunayoijua, magurudumu mawili yaliyo sawa na cheni nyuma, ilipata umbo lake Coventry, Uingereza, mwaka 1885, kwa mkono wa John Kemp Starley. Lakini ilikuwa inagonga mifupa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, akasajili tairi la upepo. Hapo dunia nzima ikataka baskeli, na baskeli zote zikataka mpira. Na mpira ulikuwa wapi? Sehemu yake ilikuwa katika misitu ya Kongo, nchi ambayo Mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji aliishika kama shamba lake binafsi tangu 1885 hadi 1908. Watu walitozwa mpira kama kodi. Kijiji kikipunguza kipimo, wanawake walishikwa rehani, watu waliuawa, mikono ilikatwa ili iwe ushahidi kwamba risasi haikupotea bure.

Utasema Kongo ni mbali na sisi. Basi pita Shangani, uitazame nyumba ya Tippu Tip na mlango wake wa nakshi. Mwaka 1887, mwaka mmoja tu kabla ya tairi la Dunlop, Leopold alimfanya Mzanzibari huyu, Hamed bin Muhammed el Murjebi, kuwa wali wake wa Maporomoko ya Stanley. Hakukaa hadi enzi mbaya kabisa ya mpira. Aliregea Unguja na akafia hapa hapa mjini mwaka 1905. Lakini njia zilikuwa zimeshafunguliwa, na pembe na watumwa walishapita humo kabla ya mpira. Alituachia kitabu cha maisha yake kwa Kiswahili, miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya namna hiyo katika lugha yetu. Ndani yake yeye anasema. Waliobeba pembe zake hawasemi.

Na hapo ndipo neno "wapagazi" lilipoingia kichwani mwangu, likakataa kutoka.

Kwa sababu kambini nilikuwa nimeshajifunza siri ya mchezo huu. Anayetazama kwenye televisheni hudhani kila mtu anajishindania. Sivyo. Katika timu anayekusudiwa kushinda ni mmoja, wawili wakizidi. Waliobaki kazi yao ni kumkinga upepo, kumletea chupa za maji, na akipata pancha kumpa gurudumu lao wenyewe. Anayekaa nyuma ya mwenzake kwenye tambarare huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa hivyo mtu mmoja anaweza "kubebwa" kilomita mia bila kuguswa. Wafaransa wanawaita watu hao kwa neno lilelile la mtumishi wa nyumbani. Mbio za Tour de France zilianza mwaka 1903, na washindi wote wanajulikana kwa majina. Watumishi wao ni maelfu. Ni desturi mshindi mkubwa kuwagawia fedha za zawadi wenzake wa timu na mafundi. Fedha hugawanyika. Jina halikatiki vipande.

Si sawasawa na misafara yetu ya zamani? Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji mpagazi alibeba frasila mbili kichwani au begani, kilo 32 hivi, miezi na miezi. Speke aliliona ziwa kubwa mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake. Nani alimwongoza? Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo, akafikishwa India, akarudi Unguja akiwa huru. Alikwenda na Burton na Speke, akaenda tena na Speke na Grant, akaenda na Stanley mwaka 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron hadi bahari ya magharibi. Bombay alibahatika: Jumuiya ya Jiografia ya London ilimpa nishani na malipo ya uzeeni. Abdullah Susi na James Chuma nao tunawajua kwa kuwa waliubeba mwili wa Livingstone, aliyekufa mwaka 1873, mpaka pwani. Ukishataja hawa watatu na wengine wachache, umemaliza. Maelfu waliosalia ni hesabu ndani ya daftari la posho: vichwa kadhaa, vitambaa kadhaa, wamekufa kadhaa.

Sisemi kwamba mpagazi hawezi kuwa bwana wa msafara. Mfano wetu wa Afrika Mashariki ni Chris Froome, mzungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Utotoni alifundishwa na David Kinjah, Mkenya mwenye rasta, katika kijiji cha Kikuyu, kwenye nyumba ya mabati iliyojaa vijana na fremu za baskeli. Mwaka 2006 Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Mwaka 2008 akabadili leseni akawa wa Uingereza. Katika Tour ya mwaka 2012 alikuwa mtumishi. Alimvuta Bradley Wiggins milimani, na watu waliona kwa macho kwamba mtumishi ana nguvu kuliko bwana, lakini amri ni amri, akamaliza wa pili. Mwaka uliofuata akapewa nafasi, akashinda. Akashinda tena 2015, 2016 na 2017. Kinjah mwenyewe aliwahi kuchukuliwa na timu ya kulipwa ya Italia, akarudi nyumbani, na mpaka alipofahamika duniani alikuwa keshalea vijana miaka mingi. Fundisha mtu kupanda mlima uone kama atakayesimama kileleni ni wewe.

Pale Iten kisa kilichopendwa zaidi kilikuwa cha mwaka 2008. Mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Ufaransa vijana wawili kutoka Eldoret, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi. Mmoja alikuwa akipiga viatu rangi, mwingine akibeba abiria kwa baskeli. Aliwapeleka wapande Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Tour, kilomita 13.8 na kona 21. Hayakuwa mashindano. Palikuwa na mlima, saa na karatasi. Nderi alipanda kwa dakika 42 na sekunde zake, magazeti ya Ulaya yakaandika, na kutokana na safari ile ikaja kuzaliwa timu. Zingatia jambo hili, nitaliregelea: kilichowatoa watu wale gizani ni muda ulioandikwa kwenye karatasi.

Walimsimulia pia Suleiman Kangangi, ambaye wote walimwita Sule. Mwaka 2017 alishika nafasi ya tatu katika Tour ya Rwanda. Agosti 2022 alianguka katika mbio za barabara ya changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Nilipofika ulikuwa haujatimia mwaka, na vijana walikuwa bado wanapunguza sauti wakimtaja. Walilolisimulia sana si ushindi. Ni kwamba alikuwa anawasubiri wanaobaki nyuma.

Sasa nije kwenye langu.

Kati ya wale kumi na nne, tisa walikuwa na mikataba, wazungu na Waafrika. Watano walikuwa wa majaribio, vijana wa kutoka vijijini, ambao mwisho wa mwezi wa tatu wangechujwa. Wenye mikataba walikuwa na kompyuta ndogo juu ya usukani, zinarekodi kila pumzi. Wa majaribio hawakuwa nazo. Wao waliandikwa kwa mkono. Na kwa kuwa ilijulikana kuwa Zanzi ana mwandiko mzuri na anapenda madaftari, kazi ya kuandika nikapewa mimi.

Mmoja wa wale watano alitoka chini bondeni, Kerio. Zamani alikuwa akibeba maziwa kwa baskeli, madebe mawili, kupanda hadi sokoni. Alikuwa mkimya. Ndiye pekee aliyekuwa anakuja stoo kunisaidia kufuta cheni, na ndiye pekee aliyeniuliza riwaya yangu inahusu nini. Nilipomweleza alifikiri, akasema, "Lakini huyo mtu wako hafanyi kazi yoyote. Anakula nini?" Nilikasirika siku mbili. Alikuwa na haki.

Siku ya kipimo walishushwa mpaka chini bondeni, wapande hadi Iten: kilomita 20 na ushei, zaidi ya mita 1,000 za kupanda, kona juu ya kona, joto la chini likugeukie baridi ya juu. Mwalimu alitangulia kileleni na saa yake. Mimi na dereva tulikuwa nyuma na pikapu. Yule kijana alipangiwa kumvuta mmoja wa wazungu wenye mkataba, ambaye alikuwa anajiandaa na mbio kubwa. Walipokaribia Tambach mzungu akapata pancha ya gurudumu la mbele. Sisi tulikuwa mbali kidogo, tumezuiwa na lori. Tulipofika tukamkuta kijana amesimama peke yake kando ya barabara na baskeli isiyo na gurudumu la mbele. Alikuwa keshatoa lake, keshampa mwenzake, keshamsukuma aondoke. Kama inavyotakiwa.

Nikaruka na gurudumu la akiba, nikalitia, nikakaza, nikampiga mgongoni: "Nenda!" Akaenda. Alivyopanda mlima ule sijaona tena. Hakuwa na wa kumkinga upepo wala wa kumvuta.

Mzungu alifika kwa saa moja na dakika 9. Kijana alifika kwa saa moja na dakika 14, na ndani ya dakika zile kuna alizosimama kusubiri gari. Mimi niliufuata mshale wa saa yangu na nikauona muda ule kwa macho yangu. Lakini karatasini maagizo yalikuwa wazi: muda uandikwe wa mtu aliyepanda bila kusimama, aliyesimama, pigwa mstari. Nikapiga mstari. Nilikuwa na baridi, nina njaa, na baskeli kumi na nne zinanisubiri. Nilijiambia mwalimu anajua, si kila mtu ameona? Kumbe mwalimu alikuwa kileleni anamshangilia yule wa kwanza.

Mwisho wa mwezi karatasi zikatandazwa mezani. Kwa kijana yule palikuwa na mstari siku ya kipimo kikubwa. Ilionekana kama aliacha njiani. Walimchuja. Nilikuwepo, nimebeba birika la chai. Mdomo ulinijaa maneno na sikusema hata moja. Mshahara wangu ulikuwa umebakisha miezi minne, nami nilishaahidi nyumbani bati. Jioni nilimsaidia kufunga mfuko. Alikunja jezi za kambi vizuri, akaziacha juu ya kitanda, akaniambia, "Zanzi, mpe huyo mtu wako kazi." Akapanda matatu.

Wiki mbili baadaye ndipo nilipopata ujasiri wa kumweleza mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakunigombeza. Alisema orodha imeshakwenda, nafasi imeshachukuliwa, halafu akaniuliza swali moja: "Kwa nini hukuandika?" Mimi nilidhani historia inapotoshwa na wafalme na wakoloni, watu wenye bunduki na mihuri. Sikujua kwamba inaweza kupotoshwa na mtoto wa fundi baskeli mwenye mwandiko mzuri, kwa sababu tu ana baridi na anataka akale.

Niliregea Unguja na bati nikanunua. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Siku ya mwisho, ya wanaume, tulitazama kwa simu yangu mimi na babu, barazani. Kilomita 267.5 za vilima. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Babu alikuwa kimya saa zote zile, kisha akauliza, "Na wale waliokuwa wanatangulia mbele mwanzo wameingia wapi?" Nikafungua orodha nimwonyeshe. Waliomaliza ni 30 tu. Wengine wote, zaidi ya mia, mbele ya majina yao pameandikwa kuwa hawakumaliza. Babu akavaa miwani, akaitazama orodha ile ndefu. "Hawa ndio waliobeba nazi," akasema, akarudi kwenye pancha yake.

Usiku ule nikampigia simu kijana wa Kerio. Hatukuwa tumesemezana tangu ile matatu. Ameregea kwenye maziwa, ila sasa kwa pikipiki. Nikamwambia yote: mstari, birika la chai, miezi minne ya mshahara. Nikamwambia muda wake halisi. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa nimejitayarisha.

Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Saa moja na kumi na nne?"

"Ndiyo."

"Ingekuwa chini ya hapo. Lile gurudumu ulilonitilia, breki ilikuwa inasugua. Mpaka juu."

Nilikuwa na spana ya babu mfukoni siku ile. Nilikaza haraka, sikulizungusha kulitazama. Jambo ambalo babu hulifanya hata kwa baskeli ya mtoto wa jirani, jambo lililonipatia kazi ile, sikulifanya.

Nikamwambia nataka kuliandika jambo hili kwenye jarida la vijana, bila ya jina lake. Akauliza kama nitauweka muda. Nikasema nitauweka.

"Andika na breki," akasema.

Basi nimeandika. Saa moja na dakika 14, kutoka Bonde la Kerio hadi Iten, mwaka 2023, na breki ikisugua.